Mama wa Kwenye Karatasi

Karagita, Naivasha
24 Mei 2025

Dada Ilwad,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, isipokuwa mmoja, na huyo nitamfikia. Mvua imenyesha wiki nzima na matope yamefika mlangoni. Kule kwa maua wametupunguzia siku, sasa tunafunga waridi siku nne badala ya sita, na msimamizi mpya, mmoja anaitwa Travis, anatupimia hata dakika za choo. Mama naye? Goti bado? Nimemwekea mafuta ya nyonyo kwenye chupa ya soda, ila sijui yatamfikia vipi, maana nyumba yenu ya Bondeni siku hizi inaingiwa kwa ruhusa.

Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize.

Alhamisi ya tarehe 15, saa nne asubuhi, mwalimu alinipigia kwamba Ladan ameteleza kwenye ngazi za shule akavunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko. Nilimkuta amefungwa kwa sweta, meno yanagongana. Hospitali wakasema mfupa umesogea, lazima alazwe usingizi ndipo waurudishe. Nikaenda dirisha la malipo na cheti chake cha kuzaliwa. Unakijua cheti hicho. Karani akatazama kompyuta, akatazama cheti, kisha akanitazama mimi.

"Mathe, huyu mtoto ako kwa bima ya Ilwad Jalal. Wewe ni nani yake?"

"Mimi ni mama yake."

"Kwa system mama yake ni Ilwad Jalal. Hata hii cheti umenipea inasema hivyo. Nimetuma namba kwa simu yake, akikupea tunaendelea. Na form ya operation lazima asign mzazi."

Mtoto alikuwa kwenye benchi nyuma yangu. Alisikia kila neno. Kufikia hapo alikuwa analia. Baada ya hapo alifuta machozi kwa mkono mzima, akakikodolea macho kile cheti.

Nilikupigia mara kumi na saba. Simu imezimwa. Nikampigia Mama, ndiye akaniambia uko Naivasha hapa hapa tangu Jumanne, kwenye kongamano la watu wa rekodi, hoteli ya kando ya ziwa. Siku tatu, dada! Kutoka hoteli hiyo hadi chumba changu ni dakika kumi kwa boda, na hukupita hata kumsalimia mtoto.

Namba ilikuja saa kumi na moja jioni. Tarakimu sita, bila neno lingine. Hukuuliza kuna nini, hukuuliza nani anaumwa. Fomu ya upasuaji niliitia sahihi yako kwa mkono wangu. Naijua vizuri, hata ule mkia wa mwisho. Kesho yake nikapiga nikakuta umenifungia.

Ladan ana miaka kumi na tatu. Aliporudi na plasta aliniuliza, "Kwani mimi ni wa nani?" Nimemweleza yote, kwamba nilimzaa kwa kadi yako ya bima kwa sababu mimi sikuwa nayo, na jina lako likaandikwa mahali pa langu. Alinisikiliza, akageukia ukutani. Sijui kama ameniamini.

Nataka kitu kimoja tu. Nenda kwa wakili, ukaape kwamba mtoto huyu hukumzaa wewe, ili msajili wa vizazi anipe cheti chenye jina langu. Nataka niwe mama wa mwanangu mbele ya dirisha lolote la Kenya hii.

Barua naituma kwa sanduku la posta la hospitali unakofanya kazi. Huko angalau kila karatasi inayoingia hupokelewa.

Mdogo wako,
Najwa


Bondeni, Nakuru
9 Juni 2025

YAH: BARUA YAKO YA TAREHE 24 MEI

Najwa,

Waaleikum salaam. Idd imepita vizuri. Mama alikula pilau sahani mbili na kulalamika haina chumvi, kwa hiyo hajambo. Goti ni lile lile. Mafuta mpe dereva yeyote anayekuja stendi ya Nakuru, nitayafuata.

Kwanza, usinitumie tena barua kazini. Barua za hospitali hufunguliwa na Chepkemboi, karani wa barua zinazoingia, hugongwa muhuri na kupewa namba. Yako ni namba 212. Niliikuta mezani kwangu imefunguliwa, na muhuri umegongwa juu ya neno "dada". Chepkemboi ameapa hakusoma kupita salamu. Nimechagua kumwamini kwa sababu sina njia nyingine.

Pili, kongamano. Nilipeleka mada pale miaka mitatu mfululizo, na mwaka huu ndipo waliponikubali, mtu wa kwanza kutoka hospitali yetu kusimama mbele ya watu mia tatu, wakubwa wa Nairobi wakiwemo. Mada yangu ilikuwa usahihi wa rekodi za wagonjwa. Najua unacheka. Cheka. Tuliombwa tuzime simu, nami nikazima kama watu wenye adabu. Nilipoiwasha nikakuta namba ya bima, nikajua kuna mtu anatibiwa, nikakutumia. Ulitaka nikutungie na shairi? Kwa nini sikupita Karagita ni shauri langu.

Tatu, kwa vile umeanza kumsimulia mtoto, msimulie vizuri. Aprili 2012 ulikuja kujifungulia kwa Mama, kama desturi yetu ya mtoto wa kwanza. Mumeo Harun, Mungu amrehemu, alikuwa kibarua Olkaria, hana bima wala hapatikani. Nusura umzae Ladan kwenye ngazi za hospitali, na damu ikakataa kusimama. Dirishani wanataka kadi. Nilikuwa karani hapo hospitali, mwaka wangu wa kwanza. Mimi ndiye niliyetoa kadi yangu, na mimi ndiye niliyefungua lile faili kwa mkono wangu: jina langu, umri wangu, namba ya kitambulisho changu. Nafasi ya baba tukaiacha tupu tusiulizwe mengi. Uliongezwa damu chupa nne kwa jina langu. Manesi wakiita Ilwad, unaitika. Jina hilo ndilo lililokuacha hai hata leo unaniandikia matusi.

Nne, siapi. Nikiapa leo kwamba mtoto si wangu, nimekiri kwamba nilidanganya bima na hospitali. Leseni yangu ya kazi ya rekodi itakwenda, na wewe utaulizwa ulilalia kitanda cha hospitali kwa jina la nani. Na juzi umeongeza lingine, umetia sahihi yangu! Huna haya hata kidogo. Ngoja Ladan atimize kumi na minane, atabadilisha mwenyewe akitaka. Hadi siku hiyo yuko kwenye bima yangu na anatibiwa. Wangapi hapo Karagita wana bahati hiyo?

Ukishasoma, ichome.

Ilwad Jalal


Karagita
30 Juni 2025

Dada Ilwad,

Salaam. Mafuta nimempa dereva Jumamosi. Mpake Mama wewe mwenyewe, usimwachie ainame. Plasta ya Ladan imetolewa, mkono umenyooka, mwandiko tu ndio umeharibika kidogo. Nitakwambia ameandika nini.

Barua yako sijaichoma. Iko chini ya godoro, na kila nikihisi nimeanza kukuonea huruma naitoa naisoma.

Shuleni wamepewa fomu ya majina ya wazazi. Ameileta niitie sahihi. Mahali pa mama ameandika ILWAD JALAL, herufi kubwa. Nikamuuliza, "Ladan, hii ni nini?"

"Teacher amesema tuandike vile iko kwa cheti."

Hakuwa na hasira. Alisema vile mtu anavyosema leo ni Jumatatu. Nilitoka nje nikalia kando ya kamba ya nguo, mpaka Shiru wa chumba cha pili akadhani tumefiwa.

Sasa nikwambie jambo ambalo mara ya kwanza sikukwambia. Siku ile nilikuja hotelini kwenu.

Shiru alikuwa amenifuata hospitali, nikamwachia mtoto pale benchini nikapanda boda. Langoni mlinzi akataka beji. Sina.

"Uko kwa list?"

Nikachungulia karatasi yake nikaliona jina lako. Dada, sijui nini kilinishika. Nikamwambia, "Mimi ndio Ilwad Jalal." Nilitamka haraka, kama mtu aliyezoea.

Akatafuta kwa kidole. "Ilwad Jalal aliingia saa mbili, amesign hapa. Sasa wewe ni nani, madam?"

Nilirudi nyuma hatua mbili, nikasimama kando ya lango.

Kipaza sauti cha ukumbini kilifika hadi kwenye maua ya langoni. Nilikusikia. Ulikuwa unasema mgonjwa akiandikwa jina lisilo lake, faili lake ni hatari kuliko ugonjwa wake. Ulisema kwa ile sauti yako ya kusoma taarifa ya habari. Watu wakapiga makofi. Na mimi niko langoni, matope hadi magotini, nimetoka kudanganya kwa jina lako mara ya pili maishani.

Nikaandika kikaratasi. Mlinzi akamwita mhudumu, mhudumu akaingia nacho. Akarudi akasema, "Nimempea mkononi, madam." Nilingoja nusu saa. Hukutoka. Nikarudi kwa mtoto.

Basi nijibu hilo. Ulikisoma au hukukisoma?

Usiponijibu, sawa. Lakini umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako, nani alifungua faili. Nimetoa fotokopi mbili. Agosti ikiisha bila kiapo, moja inakwenda kwa mkubwa wako na moja kwa hao wenzako wa makofi. Tufungwe wote, mimi siogopi. Nani atamlea Ladan? Utaniambia wewe, si ndiwe mama yake!

Wewe ni mama mkubwa wake. Cheo hicho ulipewa na Mungu bila cheti wala muhuri. Hakikukutosha? Kuna wezi wa kuku na wezi wa ng'ombe. Wewe ni mwizi wa mtoto, na umemwiba kwa kalamu.

Najwa


Bondeni, Nakuru
21 Julai 2025

YAH: VITISHO

Najwa,

Mama amepokea mafuta. Baridi ya mwezi huu imemzidi, analala na soksi mbili na bado anagombana na blanketi. Anakuulizia. Ukitaka kumwona njoo siku za kazi, kati ya saa mbili na saa kumi na moja, mimi nikiwa sipo.

Sijui unazungumzia kikaratasi gani. Kwenye kongamano watu huletewa karatasi nyingi.

Peleka fotokopi zako. Tangu kongamano wamenitia kwenye kamati ya chama cha watu wa rekodi, inayoandika mwongozo wa rekodi za wagonjwa. Kuna mtu mmoja mwenye umri wa Mama aliniambia alingoja nafasi hiyo miaka ishirini hakuipata. Barua yako ikifika wananitoa siku hiyo hiyo. Utafurahi? Chai itakushuka vizuri?

Unaniita mwizi. Kwa lile faili mimi nimeshalipa kuliko unavyojua, na sikukudai wala sikukwambia. Sisemi zaidi ya hapo. Na usimuulize Mama.

Ilwad Jalal


Karagita
18 Agosti 2025

Dada,

Asalaam aleikum. Ladan amefunga shule, anashinda kwa Shiru akisuka watu nywele kwa ule mkono uliovunjika, kwa hiyo umepona. Huwa haniiti chochote siku hizi. Akitaka kitu anakuja anasimama mbele yangu.

Nilikuja Bondeni Alhamisi saa nne, kwa zile saa zako za kuona wagonjwa. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Nikamuuliza ulilipa nini kwa lile faili. Uliniambia nisimuulize, ndiyo sababu nilimuuliza.

Hakuinua hata kichwa. "Kwani wewe hujui Farah alimwacha dadako kwa nini?"

Nilijua. Ulitwambia mumeo amekuacha kwa sababu humpatii mtoto. Nilikuonea huruma. Niseme na ukweli wa pili, kuna siku nilijiona bora kidogo, kwamba wewe una ofisi lakini mimi nina Ladan.

Mama akaniambia mengine. Kwamba mwaka 2019 mlikwenda pamoja kliniki ya hospitali yenu, daktari akaitisha faili lako, akasoma, akauliza mbele ya Farah, "Yule mtoto wa kwanza sasa ana umri gani?" Farah hakuwahi kusikia habari ya mtoto. Alikuuliza garini, akakuuliza nyumbani, nawe ukanyamaza. Kazi ya Farah ilikuwa kukagua madai ya bima, kuwakamata wanaotumia kadi za wengine. Ungemwambia ukweli, ama angetushtaki sote wawili, ama angeficha na kupoteza kazi yake. Ukaona heri akuone mwanamke aliyezaa kwingine na kuficha mtoto. Mwezi haukuisha akakupa talaka.

"Alinikataza nisikwambie," Mama akasema. "Sasa nimechoka. Nyinyi wawili mtanizika mkiwa mmenuniana."

Nilikaa pale kwenye kigoda hata chai ikapoa. Nililia, ndiyo. Halafu nikakasirika upya, na hasira hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Kwa nini hukuniambia? Miaka sita! Ningekwenda kwa Farah kwa miguu yangu, nikamwambia mtoto ni wangu, damu ni yangu, nifunge mimi. Ulininyima hata nafasi hiyo. Ukajitia ukubwa, ukabeba peke yako, kisha ukanichukia kwa mzigo ambao hukunionyesha. Huo si wema, dada. Ni kiburi.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua zako zote mbili na fotokopi zote. Hakuna nyingine. Kiapo sikitaki tena. Ladan atangoja miaka mitano, nami nitaendelea kutia sahihi yako madirishani.

Lakini usidhani nimekusamehe. Kile kikaratasi bado kiko hapa kooni. Uliniambia hukijui, na mimi namwamini yule mhudumu. Niambie tu. Ulikisoma?

Najwa


Bondeni, Nakuru
29 Agosti 2025

Najwa,

Waaleikum salaam. Mama hajambo. Tangu uje amekuwa akinisifia ulivyoosha masufuria, kana kwamba mimi huwa nayaramba.

Bahasha yako imenifikia jana, na umechelewa. Kiapo nimeapa Jumatatu, tarehe 25. Kwa hiyo usijipe sifa ya kunihurumia, na usidhani ni vitisho vyako vilivyonipeleka.

Ni Ladan. Siku ya kufunga shule alinipigia kwa simu ya mwalimu wake. Namba yangu aliikariri tangu akiwa darasa la kwanza, nilimfundisha mimi. Hakunisalimia.

"Niliandika jina yako kwa form. Sasa nikuite aje? Mama mkubwa ama mama?"

Jibu lilikuwa jepesi. Sikulisema. Nilinyamaza na simu sikioni kwa sababu nilitaka kusema lile la pili, mama. Nilitaka sana, Najwa. Mtoto akangoja. Halafu akasema, "Sawa," akakata.

Miaka kumi na tatu nimejiambia kwamba nalinda leseni, nakulinda wewe, nalinda matibabu yake. Si kweli. Kuna karatasi moja tu duniani inayosema mimi ni mama wa mtu, na sikutaka kuiachia. Uliniita mwizi, na ndivyo nilivyo. Na ndiyo sababu sikupita Karagita zile siku tatu. Kila nikimwona amezidi kufanana nawe, na mimi hurudi nyumbani nikiwa mgonjwa.

Kikaratasi nilikisoma. Nililetewa nikiwa bado mbele ya watu, swali la mwisho. Uliandika: "Ladan amevunjika mkono. Washa simu. Mimi, mama yake." Ungeandika jina lako labda ningetoka mbio. Lakini uliandika mama yake, na hasira ikanipanda hapo hapo mbele ya watu mia tatu. Nikakikunja nikakitia kwenye mkoba wa kongamano. Aliyekuwa amesimama kuuliza ni mzee mmoja mstaafu wa rekodi, Mzee Kiptum. Aliuliza, "Ukigundua umekosea kwenye faili la mgonjwa, unafanya nini?" Nikamjibu vizuri sana. Nikasema hufuti, hupaki rangi nyeupe, hung'oi ukurasa. Unapiga mstari mmoja tu juu ya kosa, lililokosewa liendelee kusomeka, unaandika lililo sawa juu yake, unatia sahihi na tarehe. Wakapiga makofi. Kisha tukaenda kula, nikala samaki. Simu niliiwasha saa kumi na moja, na muda wote huo nilijua mtoto yuko benchini.

Sikuombi unisamehe kwa hilo. Ningekuwa wewe nisingesamehe.

Jumatatu nilitoka kwa wakili nikaenda moja kwa moja kwa daktari mkuu nikamweleza yote. Alinisimamisha kazi kabla sijamaliza. Chama nacho kimenitoa kwenye kamati, kwa barua ya mistari mitatu. Nilimwomba daktari jambo moja kabla sijarudisha funguo, naye akakubali. Nikalitoa faili la 2012 na daftari la wodi ya uzazi, nikasahihisha kwa mkono wangu, yeye na Chepkemboi wakishuhudia. Chepkemboi alilia. Kumbe ile barua yako namba 212 aliisoma yote.

Nakala ya kiapo iko humu ndani. Nenda nayo kwa msajili, umchukue na Ladan. Cheti kitachukua miezi, usimtukane karani. Bima yake kwangu itakatwa, kwa hiyo mwandikishe kwako wiki hii, usingoje avunjike mkono mwingine. Ukiitwa kuhojiwa sema ukweli, kwamba uliletwa hujitambui na kwamba mimi ndiye niliyekwambia uitike. Sehemu hiyo usiibadilishe kwa ushujaa wako.

Usinipigie na usije. Nina hasira nawe bado, ingawa hainifaidi kitu, kwa ulivyoitika vizuri jina langu, kwa kupata ulichopata ukiwa umelala kwa jina hilo. Itapungua au haitapungua. Mama njoo umwone, sasa nitakuwa nyumbani kutwa nzima, nitaingia chumbani kwangu.

Barua zote, zako na zangu, nimezitoboa nikazifungulia faili. Sitachoma kitu.

Ladan akikua akataka kuliona lile faili la hospitali ana haki nalo, usimzuie. Atakuta jina lako limeandikwa juu, kwa wino mpya. Chini yake atakuta langu. Nimelipiga mstari mmoja tu, kama ninavyofundisha. Bado linasomeka.

Na mwambie nimechelewa kumjibu, lakini jibu ni hili hapa.

Mama yake mkubwa,
Ilwad